Siku Niliyomsilimisha Msichana wa Filamu Mbele ya Wakwe

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa mbele za watu ukainuka ukajipangusa mambo yakaisha, na kuna aibu niliyoipata mimi sebuleni kwa mama yangu mzazi, hapa hapa Mtendeni, mchana kweupe, wageni wakiwa wameshiba pilau. Nimeificha muda mrefu. Leo naisema kwa sababu aliyeumia zaidi si mimi, ni mdogo wangu Ramadhani, na kila nikinyamaza naona kama naendelea kumkosea.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za mapenzi, za Kihindi, za Kituruki, yoyote itakayokuja, naikalia na kipaza sauti naongea Kiswahili juu ya sauti zao, halafu watu wanakuja kuwekewa kwenye flashi. Na tusidanganyane, nilikuwa natafsiri ninavyotaka. Nikijua mteja wangu mkubwa ni mjumbe wa mtaa, mbunge mla rushwa wa kwenye filamu namgeuza mfanyabiashara wa mbao, basi yanaisha. Na msichana wa dini nyingine akimpenda kijana Mwislamu, mimi mwisho wa filamu lazima nimsilimishe, hata kama wenyewe walioitengeneza hawakuwaza hivyo (kuna mmoja nilimsilimisha akiwa mahututi kitandani, akina mama wakalia na kuniombea dua). Nilikuwa nikijiambia ni filamu tu, nani anaumia?

Sasa Ramadhani akampata Neema, binti wa Mzee Masanja, mfugaji wa Choma kule Igunga, familia ya kanisani kabisa. Mshenga nikawa mimi, kwa sababu nasifika kwa mdomo. Mzee Masanja alinipokea vizuri, akanipa sharti moja tu, kwamba binti yake asilazimishwe kubadili dini. Nikampigia Ramadhani simu pale pale, akalikubali bila kusita, wakapatana ndoa ifungwe bomani na kila mmoja abaki na dini yake. Nikarudi na habari hizo kwa mama.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo atabaki huko huko kanisani kwao?"

Nilipoona uso wake umeshuka, roho ikaniuma, nikamwambia, "Mama, vumilia tu. Baada ya mwaka mmoja atasilimu mwenyewe, wazazi wake wanajua."

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nililitunga palepale nimeshika kikombe cha chai, na mama akafurahi, akaanza kuwatangazia majirani, Ramadhani mwenyewe hana habari.

Basi ikafika siku ya wakwe kuja kupaona nyumbani. Alikuja Mzee Masanja na mkewe, Neema mwenyewe, na dada yake mkubwa Tabitha, mwalimu wa sekondari. Tukala, tukasifia mvua, tukaulizana habari za ng'ombe, halafu mazungumzo yakaisha, tukabaki tunatazamana na kutabasamu, ule ukimya wa watu wasiojuana. Mimi ukimya siuwezi. Nikasema, "Niwawekee filamu?"

Ramadhani akaninong'oneza, "Kaka, tuache wazee wapumzike."

Ningemsikiliza! Lakini nilitaka wakwe waone kipaji changu, nikakimbia kuleta projekta na kipaza sauti, nikafunga mapazia, nikachagua filamu moja ya Kihindi ambayo hata mimi nilikuwa nimeiona nusu tu. Niliipenda kwa sababu inahusu msichana wa Kihindu na kijana Mwislamu, nikaona (akili zangu hizi!) kwamba inaendana na siku yenyewe. Na kwa haraka zile nikasahau kuondoa maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, ambayo kwenye kazi zangu huwa nayafuta kwanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri, wanacheza kwenye mvua, mama Neema anacheka. Kisha akatokea baba wa msichana, mgombea, amepanda jukwaani anahutubia kwamba binti yake akiolewa na wale watu, kura zote zimekwenda na maji, na maneno mengine mabaya kuhusu Waislamu ambayo nisingethubutu kuyasema mbele ya mama. Nikamgeuza muuza vitambaa anayelalamika kwamba kijana anakaa mbali.

Tabitha akakohoa. "Shemeji, huyo si anaongelea kura?"

"Ndiyo, shemeji, wauza vitambaa wanachagua mwenyekiti wao."

Watu wakacheka, na mimi nikapata kiburi, nikaongeza sauti. Mama naye alishakolea, amesogea mpaka ukingoni mwa kochi, na ilipofika mwisho, msichana amesimama kwenye kituo cha treni, machozi yanamtoka, kijana kamshika mikono, mama akasema kwa sauti, "Mwenyezi Mungu amwongoze, asilimu binti wa watu."

Wenzangu, mdomo wangu umezoea. Nikavuta pumzi, nikalegeza sauti ya kike, nikasema, "Mpenzi wangu, leo nimesilimu, kwa maana mke mwenye adabu hufuata dini ya mumewe, na wazazi wangu nimewaacha na ujinga wao."

Mama akapiga vigelegele. Peke yake.

Nilipogeuka nikamwona Neema ameinamisha kichwa, na Tabitha amesimama, kidole kinaelekea ukutani kwenye yale maandishi.

"Shemeji, rudisha nyuma kidogo."

"Ah, muda umekwenda, shemeji, tunywe chai..."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasoma pole pole, anatafsiri sentensi moja moja kama yuko darasani: "Sitamwacha Mungu wangu, na wewe sikuombi umwache wako. Tutakula chungu kimoja, na kila mmoja atasali kwake."

Yaani filamu yenyewe ilikuwa inasema kile kile tulichopatana Choma! Ningeitafsiri ilivyo, watu wangepiga makofi. Badala ya kuomba radhi nikajitetea kwamba maandishi yale yamekosewa, ni ya filamu nyingine (yamekosewa vipi na yamefuatana na picha tangu mwanzo?), na hapo ndipo mama, kwa nia njema kabisa ya kuniokoa, akasema maneno yaliyonimaliza.

"Jamani, ni filamu tu hiyo, tusigombane. Kwani sisi si tumeshaelewana kwamba Neema atasilimu mwakani?"

Mzee Masanja aliweka kikombe chini, akanigeukia.

"Nyanda," akaniita, yaani kijana kwa lugha ya kwao, kwa upole uliozidi matusi, "nani alielewana na nani?"

Mimi, mtu wa maneno, nikaanza kukunja waya wa kipaza sauti. Mama akanitazama, akatazama wageni, akaelewa, akajifunika uso kwa mtandio wake. Ramadhani alikwenda kufungua mapazia, mwanga ukaingia, ikawa kila mtu anamwona mwenzake vizuri.

Wageni hawakugusa chai. Mzee Masanja alimuaga mama kwa heshima zote, akapanda gari, wakaondoka. Neema alipita mbele yangu macho yamemwiva, akaniuliza tu, "Shemeji, mimi nilikukosea nini?"

Ndoa ilifungwa, baada ya miezi mingi ya vikao ambavyo sikuitwa. Mama alipanda basi mwenyewe mpaka Choma kuongea na mama Neema, wakaelewana kama wanawake wanavyojua kuelewana, na kwamba Neema anakwenda kanisani kwake sasa mama analijua na halimsumbui kama nilivyoogopa. Lakini Mzee Masanja hakuja bomani. Neema alisindikizwa na baba mdogo, na kwenye picha zote kuna nafasi pale alipotakiwa kusimama baba yake.

Nilimfuata Mzee Masanja kwake Choma kumwomba radhi. Alinikaribisha kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeniambia mama yako hataki, ningekuja tukakaa, tukabishana, pengine tukapatana, pengine tusipatane. Wewe ulininyima hata nafasi ya kukataa. Sasa nikija kwenu, nitajuaje ninachoambiwa ndicho kilichosemwa?"

Nililia kwenye basi la kurudi, njia nzima mpaka Nzega.

Filamu bado natafsiri, ndiyo kazi ninayoijua, ila sasa msichana akibaki na dini yake namwacha nayo, na mgombea mbaya namwacha awe mgombea. Wateja wamepungua, wanasema siku hizi sinogeshi. Sawa. Ushenga ndio nimeuacha kabisa, hata jirani akinituma kwa jirani nikamwambie kitu, namjibu aende mwenyewe akamwambie kwa kinywa chake. Ramadhani ananisalimia kila asubuhi, "Shikamoo kaka," namwitikia marahaba, na kinachofuata hapo, ambacho zamani kilikuwa mazungumzo ya saa nzima, sasa hivi hakipo.