Shahidi Asiyerithi Kitu

Mtaa mzima ulimwita Bi Hamira, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake angechelewa kugeuka. Alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa uani, duka likitazama barabara, na juu ya duka palikuwa na vyumba alimoishi peke yake. Hakuolewa, wala hakuzaa. Wachumba walikuja, akawapima kama apimavyo unga, akawarudisha kwao kwa heshima. Lakini watoto wa mtaa ule walikua wakitafuna mikate yake ya moto, na mtu mwenye shida alijua mlango wa kubisha.

Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Mama Pacha. Huyu alifika pale zamani kuomba kazi ya kufagia, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Fagio aliliacha upesi, akawa mkandaji ambaye hata Bi Hamira alikiri kwamba amempita. Walifanya kazi bega kwa bega, wakibishana kuhusu chumvi na kucheka wakati huohuo. Kwa mapenzi walikuwa ndugu. Kwa damu hawakuwa kitu. Ndugu wa damu wa Bi Hamira alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, fundi mitambo katika mji wa mbali. Alikuwa mtu mwema, ila mkate alioujua yeye ni ule uliokwisha pakwa siagi.

Mambo ya mirathi hayakumpitia akilini mpaka alipofariki muuza viatu wa pale kwenye kona. Marehemu alikuwa akiishi na mwanamke aliyemuuguza miaka mingi, bila ndoa. Hakuacha wosia. Wakaja binamu zake ambao hawakuwahi hata kununua kamba za viatu pale, na mahakama ikawatambua, kwa sababu mtu akifa bila wosia sheria ya kwao hutazama damu na ndoa. Haiulizi ni nani aliyekuwa akimkorogea uji. Yule mwanamke akafunga sanduku lake, akaenda kwa dada yake. Bi Hamira alimsindikiza hadi kituoni, na aliporudi akamkuta Mama Pacha ameinamia unga, mikono imezama hadi kwenye viwiko. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavua aproni na kwenda kumtafuta wakili.

Wakili alikuwa binti mcheshi, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alimweleza bila kuzungusha maneno kwamba akifa hivi alivyo, kila kitu, tanuri na vyumba na hata magunia, kitakwenda kwa mdogo wake. Akiandika wosia, atamwachia amtakaye. Masharti hayakuwa mengi: awe na akili timamu, asiwe ameshurutishwa na mtu, na asaini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja naye.

“Ila shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, mama,” wakili alisema. “Akisaini, anaweza kukipoteza.”

Shahidi mmoja angekuwa karani wa ofisi. Wa pili, wakili alishauri, awe mtu anayemfahamu kwa miaka mingi, ili siku moja mtu akiuliza kama bibi huyu alikuwa na akili zake, awepo wa kujibu.

Bi Hamira aliona hilo ni jambo dogo. Alikaa na wakili akagawa mali yake kwa raha kama mtu agawaye mikate ya sikukuu. Duka na tanuri kwa Mama Pacha. Vyumba vya juu kwa mabinti wa mdogo wake. Redio kwa kinyozi, kwa kuwa alikuwa akiisikiliza kupitia ukutani kwa miaka yote hiyo. Baiskeli kwa muuza magazeti. Viti kwa msusi, kabati kwa mwalimu mstaafu, masufuria kwa mama mfua nguo. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akatoka kwenda kutafuta shahidi.

Alianza kwa kinyozi. Kinyozi akakubali, akavaa na koti, walipofika kwenye ngazi za ofisi Bi Hamira akaikumbuka redio. Wakarudi. Akamwendea msusi, akavikumbuka viti. Mwalimu mstaafu alipoitwa vyumbani juu na kuelezwa shida yenyewe alijitolea kufutwa kwenye wosia, lakini alisema hivyo huku macho yake yakilipapasa lile kabati, na Bi Hamira hakuweza kumfanyia hivyo mtu mzima.

Wakili alicheka mpaka akavua miwani. Akamuuliza kama kweli mtaa wote ule hauna mtu asiyemwachia kitu. Bi Hamira akamkumbuka mmoja.

Alikuwa fundi vioo wa ng'ambo ya barabara, mgane aliyefiwa na mkewe zamani, na watoto wake wakubwa walikwisha hama. Ugomvi wao ulikuwa wa masizi. Kila alipopanga vioo vyake nje, moshi wa tanuri ulivuka barabara kuvisalimia. Alikuwa amemshtaki kwa mjumbe wa mtaa. Bi Hamira akapandisha dohani juu zaidi na kushusha salamu zake chini zaidi. Tangu hapo waliitana “jirani” kwa sauti ambayo wengine huitumia kumfukuzia mbuzi.

“Zimwi likujualo halikuli likakwisha,” Bi Hamira alimwambia Mama Pacha, akapiga moyo konde, akavuka.

Alimkuta amekiinamia kioo anakikata. “Jirani,” alisema, “nina ombi.”

“Kama ni habari za moshi, nenda kwa mjumbe.”

“Si moshi. Naandika wosia, natafuta shahidi. Awe mtu anayenijua vizuri, na nisiyemwachia chochote.”

Fundi vioo aliweka kikatio chini. Alimtazama, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akashika meza. “Basi,” alisema alipopata pumzi, “umefika penyewe.”

Alikwenda ofisini amenyoa na kupiga pasi shati. Wakili alipomuuliza kama anaamini kwamba mama huyu ana akili timamu, alijibu kwa uzito wote: “Mwanangu, nimebishana naye miaka yote hii na sijamshinda hata mara moja. Asiye na akili timamu hawezi kazi hiyo.” Karani akasaini huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Bi Hamira alipomweleza Mama Pacha yaliyoandikwa, huyu alikaa juu ya gunia la unga, machozi yakamchuruzika. Alisema hataki tanuri, anamtaka yeye.

“Vyote viwili unavyo,” Bi Hamira alimjibu, “ila si kwa wakati mmoja. Simama, mkate unaungua.”

Kwa fundi vioo alibaki na deni la shukrani. Kumwingiza kwenye wosia haiwezekani, ni shahidi. Akaona ampe angali hai: kila asubuhi mkate mmoja ulivuka barabara ukiwa umefungwa kwa kitambaa. Fundi akawa anakuja kurudisha kitambaa. Akawa anakaa kidogo. Akalitia duka kioo kipya cha mbele, kipana, kisha akawa anakuja kukifuta mwenyewe. Masizi hayakutajwa tena. Wagombanao ndio wapatanao, mtaa ukanong'ona, na siku moja fundi akasema wazi, mbele ya Mama Pacha aliyejifanya hasikii, kwamba watoto wake wamechoka kumsikia. “Wameniambia nikuoe, au niache kukutaja.”

Bi Hamira alimpima kama kawaida yake. Huyu hakumrudisha.

Harusi ilifanyika uani. Wakili alialikwa, akala, akacheza, kisha akamvuta bibi harusi pembeni na kumwambia kwamba kwa sheria yao ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Ule wosia umekufa, na mwenyewe mzima. Bi Hamira alicheka mpaka wageni wakaacha kula, ikabidi awatangazie: kwa kuolewa tu, amewanyima urithi wote waliokaa pale. Kinyozi aliuliza kwa upole habari za redio. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Jumatatu maharusi walirudi ofisini pamoja, wakaandika upya, kila mmoja wosia wake. Fundi vioo hakutaka tanuri. Aliomba tu, kama atabaki nyuma, aruhusiwe kuishi katika vile vyumba mpaka mwisho wake, kisha viende kwa mabinti. Mdogo wake Bi Hamira alipopigiwa simu alishusha pumzi, akakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiogopa kurithi tanuri asilojua hata kuliwasha. Safari hii shahidi wa pili alikuwa mke wa mjumbe, ambaye alipewa chai na kuhakikishiwa kwamba hatapata kitu kingine.

Duka lilifunguliwa kwa kuchelewa siku hiyo. Foleni ilifika hadi kwa kinyozi, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu wengi waliosimama pale walikuwa wamerudishiwa urithi wao asubuhi ileile.