Lebo Niliyoifuta kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha seva nilifuta lebo ya diski iliyobeba alama za wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho. Sikuangusha kitu, sikumwaga chai. Mashine iliuliza kama diski ni mpya na kama iiandae. Nami, binti wa mtaa wa Mangobo niliyelelewa vizuri, nikajibu ndiyo.

Niwaeleze, ninyi vijana. Chuo chetu kilikuwa na seva mbili zilizotumia kabati moja la diski. Mwanzoni mwa diski kuna lebo, maandishi machache yanayoiambia seva: sehemu hii inaanzia hapa, inaishia pale. Lebo ikiharibika, seva huona diski tupu, ingawa kila kitu kimo, kama gunia la maharagwe lililobanduka karatasi yake. Seva ya pili ilikuwa imeshindwa kuisoma lebo ile, ndiyo maana ikauliza swali la kijinga. Ikapata jibu la kufanana nalo.

Akaja Chef wa Informatique, mkuu wetu wa kompyuta, mzee kutoka Yanonge, mpole, shati limechomekwa.

"Mama Sophie, umegusa nini?"

"Niligusa Ndiyo, Chef."

"Na points za wanafunzi iko wapi?"

"Haiko."

Walimu wa jury, wanaoamua nani amefaulu, walikuwa wamekaa ukumbini, wanangoja orodha ya alama. Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya muhula uliopita. Bila diski ile, wanafunzi wote wangerudia mitihani. Nilianza kulia.

"Bon, lia pembeni, si juu ya clavier," Chef akasema, akiivuta kibodi kando. "Points iko. Lebo ndiyo haiko. Usiandike kitu ingine mule."

Kwanza akazima seva ya pili, kwa sababu ingeweza kuharibu tena kile tunachotengeneza kwenye ya kwanza. Kisha akatoa daftari la shule. Siku kabati lilipowekwa chumbani, alikuwa amenakili kwa mkono namba za mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Akanisukumia kiti.

"Andika weye. Mukono uliofuta ndio utaandika."

Akasoma namba, nikaandika, nikamsomea tena. Mara moja nilikosea tarakimu, akakohoa tu, nikasahihisha. Tukafungua diski kwa kusoma peke yake, bila ruhusa ya kuandika. Majina yakashuka kwenye skrini, na alama zake.

"Alors," akasema, "sasa umeanza kazi."

Nilitengeneza lebo nyingi baada ya ile. Directeur Technique, mkuu aliyekuja baada ya Chef, alitaka kunipeleka Kinshasa; nikamwambia kitanda changu kiko Mangobo. Akanihamishia Makiso, katika mji wetu uleule, nikalalamika kama mtu anayekwenda Ulaya. Kila nilikoenda nilikuta watu wanaolilia vitu ambavyo bado vipo. Hilo ndilo linalonifurahisha sasa nimestaafu, nimekaa nyumbani nilipotaka kukaa tangu mwanzo: vingi havikupotea, vilikosa tu mtu wa kutulia na kuandika upya vinapoanzia.

Juzi nilimsimulia haya jirani yangu, Papa Alimasi, anayefundisha shule ya mtaa wa Kabondo. Kumbe alikuwa mmoja wa wanafunzi wale! Nikajiweka sawa kitini, nikingoja shukrani. Akaweka kikombe chini.

"Mama Sophie, ungeacha zipotee tu. Ningerudia mtihani tu; zile points ulizookoa ziliniangusha, nikarudia mwaka mzima."