Mbawakawa wa kiberiti waliovuka Malaba

Wakuu, salamu kwenu. Hii sijaongeza chumvi. Wa kubisha abishe, lakini mimi nilikuwa hapo.

Miaka ya sabini, Uganda kumechafuka. Nilikuwa karani wa clearing agent, wale wa kupitisha mizigo forodhani, hapa Malaba mpakani.

Mama yangu alizaliwa ng'ambo, upande wa Tororo. Mdogo wake, mama mdogo Akiror, alibaki huko. Kuandika barua ilikuwa hatari. Askari wa roadblock akiisoma vibaya, mtu anapotea. Hatukujua kama yuko hai, na mama alikonda kwa mawazo.

Ndio akaja mzee mmoja msomi kutoka Nairobi, akapanga chumba kwetu. Tulimwita Daktari. Kazi yake mbawakawa! Tena jenasi moja tu, wale kucha zao zina meno kama kitana.

(Nilicheka, wakuu. Mtu mzima na digrii yake anachungulia kucha za mdudu.)

Alitaka kujua kama wale wa huku kwetu, Malaba na Bukhayo, ni aina moja na wa ng'ambo. Lakini kuvuka, wapi!

Mama akadakia hapo hapo. "Daktari, huko niko na mdogo wangu. Kama yuko, atakuokotea."

Tukatuma neno na turn-boy mmoja wa lori, aliache kwa kibanda cha chai kando ya barabara, karibu na kwao Akiror.

Miezi ikapita bila jibu.

Halafu siku moja turn-boy akaleta kiberiti kimefungwa na kamba ya mgomba. Akasema askari walifungua, wakaona wadudu, wakacheka wakamrudishia.

Mama hata hakuangalia wadudu. Alishika ile kamba akakaa chini. "Hili fundo tulifundishwa na marehemu mama yetu. Yuko hai!"

Tangu hapo viberiti vikawa vinakuja. Daktari anadunga pini, anaangalia na lenzi, anaweka alama kwa ramani. Mpaka siku akasema, "Mama, kazi imeisha. Kucha ni zile zile. Huku na huko ni aina moja. Sihitaji wengine."

Mama akashika kamba ya kiberiti. Akasema, "Daktari, nakuomba. Sema hujatosheka."

Mzee akavua miwani, akaifuta polepole. "Kweli mama. Bado sijatosheka."

Akarudi Nairobi, lakini agizo hakulifuta. Kiberiti kikifika, mama anakagua fundo, kisha anawaachilia wadudu kwa maua yetu. Kwa hivyo msomi akiwapata hapa leo, asiharakishe kuchora ramani.

Serikali ya huko ilipobadilika, mama mdogo alivuka kwa miguu, kiberiti mkononi.

"Dada, Daktari yuko wapi? Nimemletea wadudu wake."

Mama akamkumbatia, anacheka huku analia. "Huyo alitosheka zamani. Ni mimi nilikuwa sijatosheka."

Tangu siku hiyo sicheki kazi ya mtu eti kwa sababu siielewi.

Nyinyi mliokuwa na watu ng'ambo miaka ile, mlijuaje wako hai? Semeni, nasoma zote.