Mafuta Machafu ya Fundi Elphas

Mtu akikuambia kwamba hapa Mitunguu kulikuwa na asiyemjua Fundi Elphas, muulize mtu huyo alikuwa anaishi wapi. Hata wasio na baiskeli walimjua. Walimjua kwa kofia yake ya sufi, iliyokuwa ya kijani siku ilipofumwa, na kwa ile tabia yake ya kunusa mkono wa dereva kabla hajafungua boneti. "Hapa klachi imeungua," angesema, na pua bado iko kiganjani mwa mwenye gari. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, watu walisahau haraka, maana walimpenda, na mtu akipendwa makosa yake huwa hayana wa kuyahesabu.

Ufundi aliupatia Embu katika miaka ya sabini, akiwa kijana mwembamba wa kuosha spana kwa petroli. Mwaka wa 1986 akarudi kwao na sanduku moja la vyombo, kanisa likampa kiploti nyuma ya shule ya Jumapili, juu kidogo ya mfereji unaoteremsha maji mashambani. Akajenga kibanda cha mabati, akatundika tairi bovu liwe tangazo, akaanza kazi. Siku hizo wanawake walibeba ndizi mgongoni hadi barabarani, kamba imepita kwenye paji la uso. Igoki, mkewe, alikuwa na alama ya kamba hiyo, mstari mwororo juu ya nyusi ambao haukufutika hata uzeeni. Kisha zikaja pikapu, kuukuu zote, zingine zilikwisha kukatiwa tamaa na wenyewe. Elphas akazifufua moja baada ya nyingine, na ndizi zikaanza kufika soko la Gakoromone zikiwa juu ya magurudumu. Wanawake hawakulisahau jambo hilo.

Lakini sifa aliyojivunia kuliko zote ni kwamba hakutupa kitu. Springi mbovu ilikuwa patasi, bomba la moshi lilikuwa mguu wa kiti. Na mafuta machafu, yale meusi yanayotoka kwenye injini, aliyaweka kwenye pipa akayagawa bure. Huku kwetu mkungu wa ndizi ukishiba, mgomba hauwezi kuubeba peke yake. Sharti uegemezwe kwa nguzo. Na nguzo, mchwa wanaila kama biskuti. Ukiipaka mafuta machafu, mchwa wanahama. Basi kila Jumamosi Elphas alishika mkebe na brashi akazunguka mashambani kupaka nguzo za watu, akianza na za wajane. Hakuwa na mkono wa birika. Tenda wema uende zako, alisema, huku anajipangusa vidole kwenye suruali.

Taabu ilianza mwaka wa 2014. Ndama wa Teresia, jirani yao wa chini, alipelekwa mferejini akainama, akanusa maji, akapiga chafya na kukataa kunywa. Teresia alipochungulia, akaona maji yamefunikwa na utando wenye rangi rangi. Habari zikamfikia Makandi, mwalimu kijana aliyefundisha jiografia kwenye shule ya upili, naye akaiandikia kamati ya kanisa barua ya kurasa tatu. Alitaka gereji iondoke.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mutembei, mwalimu mkuu mstaafu, na Mutembei hakujua kuamua jambo lolote bila mdahalo. Hata rangi ya mlango wa kanisa ilijadiliwa na pande mbili, kila upande na wasemaji wake, kisha watu wakapanga mstari nyuma ya msemaji waliyekubaliana naye. Watu wa rika lake waliukumbuka ule mlolongo wa uchaguzi wa themanini na nane, na si wengi walioukumbuka kwa furaha. Yeye aliupenda. "Mtu akiona aibu kusimama mahali," alisema, "asituambie anaamini." Akapanga mdahalo Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada. Hoja aliiandika ubaoni mwenyewe: Magari na vyombo vya kisasa vinatudhuru kuliko vinavyotufaa. Ikipita, gereji ing'olewe kabla ya mvua ya Oktoba. Isipopita, Elphas abaki.

Elphas alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kule kwenye lami vijana walikuwa wamefungua gereji zenye kompyuta, na yeye kompyuta yake ilikuwa pua. Angeanzia wapi? Kiploti kile kilikuwa kazi yake na jina lake pia, kwa sababu kina mama wakielekeza mgeni husema, "pita kwa Elphas, uende chini." Hamu ya chakula ikamtoka, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kurudisha sahani na kitu ndani.

Siku chache kabla ya mdahalo alimfuata Igoki shambani ili ajaribu hotuba yake. Igoki alikuwa anang'oa machipukizi ya migomba ya kupanda. Akamsikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Umesema vizuri, Baba Kiende," akasema. "Sasa njoo uangalie hapa chini ya nguzo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo nataka uone. Hata magugu hayamei."

"Hiyo ni jua. Mimi si daktari ya udongo, mama. Nina maneno ya Jumapili."

Igoki akarudi kwenye kazi yake. Akang'oa chipukizi lingine, akalikung'uta udongo, kisha akasema bila kumtazama, "Makandi ameniomba nisimame na yeye. Nimekubali."

"Usimame wapi?"

"Upande wa shamba."

Elphas akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea njia yote ya kurudi, na neno lenyewe likamuuma zaidi kwa kuwa nguo yenyewe aliipenda. Jioni Igoki alimtilia chai kama kawaida, sukari vijiko vitatu. Aliinywa. Hawakugombana, ila walipokezana chumvi kwa adabu iliyozidi, kama wageni.

Jumapili ilipofika watu walijaa uwanja wa kanisa. Makandi akafungua mdahalo. Alikuwa msichana mwenye sauti safi na hofu kidogo, na alijiandaa. Alieleza moshi wa dizeli, madini ya risasi yaliyo ndani ya betri, magari yaliyochoka huko ng'ambo yanayoletwa kuja kufia kwetu. Wazee walitikisa kichwa. Ndipo Elphas akasimama, akavua kofia.

"Mwalimu, Mungu akubariki, umesoma. Hiyo simu umeshika ni ya ngapi tangu uanze kazi?"

Makandi akasita. "Ya nne."

"Na hizo tatu ziko wapi?"

"Ziko kwa droo."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Makandi naye akacheka, akajifunika uso.

"Sasa fikirieni ile pikapu ya mwenyekiti iko kwangu," Elphas akaendelea, moto umeshamshika. "Ni ya sabini na nane. Injini yake nimefungua mara sita. Watu wananiambia nunua mpya, haina moshi. Sawa. Na hiyo mpya inatengenezwa na nini, na ugali? Chuma inachimbwa. Hata ndani ya hiyo simu kuna mawe ilichimbwa na watu wanalala njaa. Nyani haoni kundule! Mchafu ni nani, huyu anatengeneza ama huyu anatupa?" Akawageukia wanawake. "Na ndizi, mama zangu? Tuzirudishe mgongoni?"

"Hapana!" wakaitika, na mmoja akapiga kigelegele. Elphas akaketi. Alijua ameshinda.

Igoki akasimama na makarai mawili ya udongo. Aliyabeba mwenyewe toka nyumbani, moja juu ya jingine. Akayaweka chini mbele ya watu.

"Mambo yote amesema mume wangu ni ya kweli," akaanza. "Mimi nimebeba ndizi. Hii alama mnaiona. Na hatupi kitu, mnamjua. Hiyo ndiyo shida yetu."

Akayainamia makarai.

"Hii karai ni udongo wa katikati ya shamba langu. Hii ingine ni ya chini ya nguzo." Akaingiza mkono kwenye la kwanza, akautoa. Nyungunyungu wawili wanene walijikunjakunja kiganjani. Akaingiza kwenye la pili, akachimbua mpaka chini, akakung'uta, akachimbua tena. Hakutoka hata mmoja. Udongo wenyewe ulinata vidoleni na kunuka gereji. "Nimechimba nguzo kumi na mbili. Ni hivi tu. Angetupa hiyo oili pahali pamoja, ingeharibu pahali pamoja. Lakini alitupenda. Ametupelekea kila shamba, na brashi. Maji tunanyunyiza inaiosha, inateremka. Sina neno lingine."

Akaketi. Elphas alikodoa macho kwenye karai lile. Alitamani kusimama aseme ni jua. Lakini pua yake, ile pua ambayo haikuhitaji kompyuta, ilikuwa imeshapata jibu kutoka hatua tano.

"Mistari!" Mutembei akatangaza. "Wanaopinga hoja, nyuma ya Elphas. Wanaounga mkono, nyuma ya Igoki."

Watu wakainuka na vumbi likainuka nao. Elphas alisimama mbele bila kugeuka, kama sheria ya Mutembei ilivyotaka, akasikia viatu vikija nyuma yake. Vilikuja, vikaja. Alipoiba jicho, aliona nyuma ya Igoki kuna Makandi na watu sita. Nyuma yake mwenyewe mstari ulipita mnara wa kengele na kuzunguka choo. Gereji ilikuwa imepona.

Na aliyesimama nyuma yake kabisa, wa kwanza, pumzi yake shingoni mwake, alikuwa Teresia.

"Teresia," akanong'ona, "si ndama wako alikataa maji?"

"Alikataa. Hata leo amekataa."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Teresia akamshangaa. "Wewe ndiye ulinipakia nguzo mwaka ule mume wangu alikufa. Nikuache usimame peke yako mbele ya watu?"

Kuna maneno mazuri yanayompiga mtu kuliko matusi. Elphas aliutazama ule mstari mrefu wa watu wake, na hakuona hata mmoja aliyekuja kwa sababu ya hoja. Walikuja kwa sababu yake. Wangekunywa maji yale wakamshukuru. Aibu ilimpanda, na upendo ukampanda nao, akashindwa kujua kipi ni kipi. Akavaa kofia yake. Kisha akavuka uwanja, akapita mbele ya meza ya kamati, akaenda kusimama nyuma ya yule wa mwisho kwenye mstari wa mkewe.

"Elphas!" Mutembei akapiga kelele. "Kichwa cha mstari hakitoki!"

"Kimetoka, mwalimu. Andika."

Mutembei akashika kalamu. Halafu Teresia akaokota mkoba wake akavuka, akasimama nyuma ya Elphas. Aliyemfuata Teresia akamfuata. Wote waliokuwa wamekuja kwa ajili ya mtu sasa walimwona mtu wao amehamia ng'ambo, na hawakuona sababu ya kubaki pale peke yao wakipinga hoja. Mstari ukajikunja, ukavuka uwanja mzima ukiburuta vumbi.

Elphas akageuka, akaona wanavyokuja. Alikuwa amejiandaa kushindwa kwa heshima, kwa kura yake moja, abaki na gereji na dhamiri yake. "Rudini!" akawaita, anawapungia mikono miwili. "Mimi ndiye nimehama! Nyinyi rudini, mtanivunjia kibanda!"

"Ukihama tunahama!" mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka, na hakuna aliyerudi.

Mutembei alihesabu mara mbili, kwa sababu ya uzoefu. Upande mmoja watu mia moja na saba. Upande wa pili palibaki kuku wa mchungaji. Akafunga daftari, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Pikapu yake ilikuwa gerejini, injini imelala chini vipande vipande.

Igoki aliondoka kichwani mwa mstari, akateremka akiwapita watu mmoja mmoja mpaka alipomfikia mumewe. Elphas alikuwa anafuta macho kwa kofia, bila kujificha.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Nimeumia, mama. Nimeumia sana."

"Najua." Akamshika kiwiko, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ya ndoa yao. "Chukua hiyo karai moja, mimi nabeba hii. Tukang'oe nguzo za kwetu kwanza, halafu za Teresia."

Elphas akainama, akachagua lile lililonuka, akaliweka begani.