Ukurasa Ambao Sikuufunua

Mwaka wangu wa tatu chuo kikuu nilirudi kwetu Kanyakine nikiwa mhafidhina. Nilikuwa nimeondoka pale mtoto wa mkulima wa majani chai tu, sina itikadi wala dalili yake. Mhadhiri alitupitisha kwenye mikondo yote ya uhafidhina: wanaoona taifa kuwa urithi wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, wanaotaka mfalme na madhabahu vikae mahali pake, wanaosema serikali iliache soko lijiendeshe, na mmoja mpole aliyeona kazi ya siasa ni kuzuia chombo kisizame, basi. Mimi niliwachambua kama maharagwe, nikabaki na walionifaa.

Baba alikuwa amefariki Agosti. Desemba hiyo wazee watano wa ukoo walikuja kugawa shamba. Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi nyumbani miaka sita kabla, ndoa imemshinda, na ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho. Aliomba kipande cha chini, kando ya mto, chenye mistari ya chai aliyoipalilia mwenyewe. Hakuomba kingine.

Kikao kiliongozwa na baba mkubwa, kaka yake marehemu. "Zamani msichana akirudi kwao alikuwa anaonyeshwa mahali ya kulima," alisema polepole. "Hii si kitu mpya." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na mambo yakawa yamekwisha. Ndipo akanigeukia, kwa heshima tu, maana kwetu aliyesoma haachwi bila kuulizwa. "Na huyu wetu wa yunivasiti anasema aje?"

Ningesema nakubali, nikaketi. Lakini kitabu cha mmoja wa wahafidhina wangu nilikuwa nacho kwenye koti, na ujana una kiherehere. Nilisimama nikawasomea, huku nikitafsiri kwa Kimeru, aya niliyokuwa nimeipigia mstari kwa penseli: kwamba urithi wa mababu si wa kizazi kimoja kuuchokoachokoa kinavyopenda. Nikawaeleza kwamba tukimfungulia binti mmoja mlango, mila itatoka kwa mlango huohuo. Nilimfufua Mzungu aliyekiandika kutoka kaburini kwake aje kuwafundisha wazee wa Kimeru mila ya Kimeru. Na jambo moja sikulisema: kipande kile, kama hakingekuwa cha dada, kingekuwa changu.

Wale hawakuwa watu wa kuogopa mtu, lakini kitabu walikiogopa. Watoto wao walikuwa wamesomeshwa kwa kuuza ng'ombe, wangekipingaje? "Kama ndiyo vile iko kwa kitabu..." alisema baba mkubwa, na kipande kikaja kwangu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe, amesikia yote. Aliingia akatugawia chai, akaanzia kwangu.

Wiki hiyohiyo alishuka Kiritiri, kwenye joto la Mbeere, akakodi mahali pa kupanda ndengu na kufuga mbuzi. Mimi nikawa mwalimu wa historia. Chai ya kando ya mto nimeichuma miaka yote hii, na nimewasomesha wanangu kwayo.

Muhula uliopita nilikitoa kile kitabu kutayarisha somo. Niliisoma tena aya yangu ya penseli, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikafunua ukurasa. Aya iliyofuata, ya mtu yuleyule, ilisema kwamba kitu kisichokubali kurekebishwa hakidumu, na kwamba kuziba paa linalovuja ni njia ya kuitunza nyumba. Yaani alichokisema baba mkubwa bila kitabu. Masikio yaliniwaka kwa aibu pale mbele ya walimu wenzangu, nikajifanya natafuta chaki.

Jumamosi nilienda Kiritiri. Nilimkuta dada anapepeta ndengu, mgongo umeanza kupinda. Nilimsomea aya zote mbili. Nikamwambia nimekosa, kipande ni chake, Jumatatu twende ofisi ya ardhi tukabadilishe jina. Nilidhani atalia, au atanitukana. Ningependa angenitukana.

Aliendelea kupepeta.

"Mwalimu," alisema, "shamba haipewi mtu kando ya ungo kama kitu ya kuiba. Mimi nilinyimwa mbele ya wazee. Rudi uwasomee hiyo ukurasa ingine, wasikie vile walisikia ile ya kwanza. Halafu wanipee wao."

Nilisema sawa. Alinifungia ndengu kilo mbili za watoto, nikapanda gari kurudi, kitabu kiko mapajani, na njia nzima nikawa nawahesabu. Walikuwa wazee watano. Wamebaki wawili, na mmoja wao, baba mkubwa, hasikii tena.