Jina la Abdihafid Kwenye Orodha

Sisi watu wa thieta tunajifanya mioyo yetu ni ya chuma. Uongo mtupu. Mimi ni Idman, muuguzi wa upasuaji hapa hospitali ya Garissa, na ninayemsimulia ni Abdihafid, mfagiaji wetu, mtu wa Balambala mwenye ndevu za hina.

Kwetu kiungo kikikatwa hakitupwi. Kinaoshwa, kinafungwa kitambaa cheupe, jamaa wanakwenda kukizika. Kazi hiyo wauguzi tulikuwa tunaikwepa, basi miaka kumi na mitatu alikuwa akiosha Abdihafid, bila kutumwa, huku akisoma dua taratibu. Alisema hata mguu una haki yake.

Siku ile tulimkata mguu dereva wa lori wa Modogashe. Glavu nzito zilikuwa zimekwisha wiki nzima. Nilimwambia Abdihafid angoje, lakini jamaa walikuwa mlangoni, wanataka kuzika kabla ya Alasiri. Akavaa zile nyembamba, mbili mbili, akaosha. Ncha ya mfupa ikapenya zote, ikamchoma kidole.

Damu ya dereva ikapimwa: homa ya ini, aina ya B, ile inayoambukiza kwa damu na kwa unyumba. Haya, na Abdihafid ana chanjo? Hana. Mwaka juzi tulichanjwa madaktari na wauguzi tu. Mfagiaji nani amkumbuke! Orodha niliandika mimi, kwa mkono huu huu. Tukafungua friji ya chanjo, tupu. Nikapiga simu Nairobi, nikaomba, nikafoka, nikalia. Wakaniambia kesho, kesho kutwa, mpaka siku za kumkinga zikapita. Na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza mimi.

"Abaayo, dada yangu, usijitese," aliniambia. "Mungu yupo."

"Mungu yupo, lakini aliyekusahau ni mimi."

Akachukua ndoo yake, akaenda kupiga deki.

Baada ya miezi sita akapimwa tena. Ugonjwa umo, umekaa. Wiki hiyo hiyo, wallahi, sanduku la chanjo likafika. Kwa hasira nikaliandika jina lake mwanzo kabisa wa orodha, juu ya la daktari mkuu, ingawa nilijua chanjo haitamfaa tena. Nikamwonyesha. Sijui nilitaka anisamehe au nini.

Alilisoma polepole, akatabasamu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii nafasi yangu, inaweza kupewa Sahro, mke wangu?"

Nikamwambia orodha ni ya wafanyakazi peke yao.