Matanga ya Rapa wa Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini niliangusha mikro, yaani kipaza sauti. Redio yetu ya Kasongo ilikuwa na mikro mbili tu, na Direkta, mkuu wetu, aliiokota, akaipuliza vumbi, akaniambia, "Mama Feza, redio haiko mudomo. Redio ni masikio ya watu. Shika pole." Niliitikia kwa kichwa bila kuelewa. Nawaambieni ukweli, ninyi vijana mnaoitamani kazi hii: mambo mengi ya redio niliyaitikia hivyo hivyo.

Nilianzia kwenye konsole, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Baadaye nilitumwa Kabambare kuwa mwandishi wa habari, yaani kungojea pikipiki na kuwauliza madereva kumetokea nini walikotoka. Niliporudi Kasongo nikakabidhiwa komunike. Hayo ni matangazo ambayo familia huleta kwenye karatasi: mbuzi kapotea, wazazi wanaitwa shuleni, na zaidi ya yote vifo. Barabara zetu ni tope. Mtu akifa Kasongo, ndugu zake wa Wamaza hujua kwa redio au hawajui kabisa.

Kwa hiyo kifo kilikuwa na kanuni yake. Kwanza jenerike, wimbo wa gitaa wa polepole usio na maneno. Kisha jina la marehemu, la baba, la mama na la kijiji. Mwishoni mtangazaji hutoa pole, hunyamaza pumzi tatu, ndipo muziki mwingine huingia. Direkta alizihesabu pumzi hizo kwa vidole nyuma ya kioo, na ole wako ukiiba moja.

Nilikuwa nimezeeka na kanuni hiyo, mara akaja Chef wa Programu mpya, yaani mkuu wa vipindi, kijana wa viatu vyeupe.

"Mama Feza, kuko kipindi kipya. Rap ya Kanada. Kule Montreal na Toronto kuko vijana wanaanza kujulikana, na wengine ni watoto wetu wa huku. Wanatuma nyimbo kwa WhatsApp."

"Na ni mimi nitatangaza? Na huu uzee?"

"Watu wanaamini sauti yako, mama."

Sifa hiyo ilinimaliza. Lakini kichwa kilivurugika. Kwenye orodha ya nyimbo, kati ya majina, palikuwa na herufi "ft.", na kwa wiki nzima nilidhani ni ukoo mkubwa wa Kanada, maana ulikuwa umeoa kila mahali. Chef alinieleza kwamba ni mwanamuziki mwalikwa. Alinieleza pia kwamba mdundo hutengenezwa na mtu mmoja, maneno hutungwa na mwingine, na wawili hao huenda hawajaonana. Dada mmoja wa Toronto alirap juu ya basi lililomchelewesha kwenye baridi, kwa hasira hata nikamhurumia. Kijana wa Montreal alichanganya Kifaransa, Kiingereza na Kikrioli cha Haiti katika pumzi moja. Nilijiuliza mama yake humjibu kwa lugha gani. Niliwatangaza wote kwa heshima, kama maaskofu.

Mmoja wao alikuwa wetu hasa: Ramazani wa Wamaza, ambaye kule Montreal alijiita Ndugu Theluji. Wimbo wake ulianza na gitaa la polepole. Sauti ya mwanamke ikafuata kwa Kiswahili: "Ramazani, mwana wa Salumu na Zaina, wa Wamaza. Alitoka kwetu, akaenda mbali." Kisha ngoma na yeye mwenyewe, mbio mbio. Chef alisema marapa ndivyo wanavyojitambulisha.

Jumamosi moja alasiri jenereta ilianza kukohoa, mafuta yalikuwa yanakwisha. Nilikuwa nasoma komunike ya mwisho ya kifo. Nikataka kuuwahi wimbo wa Ramazani kabla hatujazimika, nikaruka pole, nikaruka na pumzi tatu. Gitaa likalia, yule mwanamke akataja jina, baba, mama, kijiji. Aliposema "akaenda mbali," jenereta ikafa, na redio ikanyamaza hadi kesho yake.

Kesho yake mchana dereva wa pikipiki alileta habari. Wamaza kuna matanga. Mama Zaina amekaa chini kwenye mkeka, hali chakula, anamlilia mwanawe aliyefia Kanada.

Direkta hakunipigia kelele, na hilo liliniumiza zaidi. "Utaenda wewe mwenyewe," alisema. "Umemuzika mutoto wa mutu na sauti yetu."

Nilifika Wamaza nimejaa tope hadi kiunoni. Wanawake walinipisha. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha, nikasema kijana yu hai. Mama Zaina alinitazama kwa macho mekundu.

"Kaka yangu alipokufa, nani alinijulisha? Redio. Ilikuwa kweli. Mume wangu Salumu je? Redio. Kweli. Leo unakuya na miguu kuniambia redio inadanganya?"

Nilimwekea wimbo kwenye simu. Alisikiliza hadi ngoma zilipoingia, akausukuma mkono wangu.

"Huyu haiko Ramazani. Ramazani anasemaka polepole."

"Ni yeye, mama."

"Kama iko muzima, aseme kwenye redio. Muulize siku ya kuondoka nilimufungia nini mu kitambaa."

Nilirudi Kasongo na swali lake. Direkta alikuna kichwa: "Komunike ya mutu mwenye iko muzima! Tunaanza na sentensi gani?" Mwishowe nilitaja jina, baba, mama, kijiji, nikasema, "Yupo, na huyu hapa," nikaibana simu kwenye mikro. Ramazani, aliyepigiwa na Chef kwa WhatsApp, alikuwa kazini kwenye ghala, na alichanganyikiwa kuliko mimi.

"Mama analia sababu ya wimbo wangu?"

"Ulifungiwa nini kwenye kitambaa siku ya kuondoka?"

Nilihesabu pumzi, zikapita tatu.

"Karanga," alisema. "Na udongo kidogo wa mulangoni. Karanga nilikula. Udongo walinitupisha kwenye aeroporti. Mama, unisamehe."

Tuliambiwa kwamba Mama Zaina aliinuka, akaomba ugali.

Mwaka jana nilistaafu. Vijana huniuliza kazi ilinifundisha nini, nami huwajibu kuhusu mambo ya konsole, maana hayo ninayajua. Mengine bado yananitatiza. Mwezi uliopita nilikwenda Wamaza kumsalimu Mama Zaina. Nilimkuta anabangua karanga, na wimbo mpya wa mwanawe unalia kwenye simu pembeni yake. Safari hii hakuisukuma simu ngoma zilipoingia. Nikaona nimwombe tena msamaha kwa uongo ule wa redio.

"Uongo gani?" aliniuliza. "Ule mutoto niliyemufungia karanga hatarudi tena. Mulinijulisha, nikamulilia, ikaisha." Akaongeza sauti ya simu. "Huyu wa Kanada ni mwingine. Anasema mbio sana, lakini ananiita mama. Nyamaza kidogo nimusikie, ndio tunaanza kujuana."